Nyaya za ndege yangu zimelegea masika: nikaze au nikate?

*"Nina miaka 52, naishi Mombasa. Februari nilimaliza kuunganisha modeli ya ndege ya mabawa mawili, BE2c ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ile halisi. Nyaya zake nilizifunga kwa mshipi wa nailoni wa milimita 0.20 na supagluu, chumbani kwenye kiyoyozi, na zilikaa sawa kabisa. Mwezi Mei nikaona karibu zote zimelegea. Nikavuta upya za upande wa kulia na kuziongezea gundi. Sasa bawa la juu limeinama upande huo, na nyaya ambazo sikuzigusa zimelegea zaidi ya mwanzo. Gundi nayo imeacha ukungu mweupe kwenye nguzo zinazounganisha bawa la juu na la chini. Rafiki yangu anasema tatizo ni uzi dhaifu, nitumie mshipi wa kusuka wa kuvulia samaki wakubwa. Nikaze tena, au nikate zote nianze upya?"*

Kata zote, ndugu yangu. Najua jibu hilo linauma, maana kufunga nyaya za BE2c ni kazi ya majuma, na wewe umeshaifanya mara moja na nusu. Lakini ukikaza tena, masika yajayo utaniandikia barua hii hii, na bawa la kushoto litakuwa limeinama pia. Ndege yenyewe haijaharibika. Kilichokuangusha ni uzi uliouchagua na kazi uliyoupa.

Kwanza tuliondoe hili la uzi dhaifu. Mshipi wa nailoni wa milimita 0.20 unamwinua samaki wa kilo mbili bila shida. Modeli yako nzima haifiki uzito wa mayai mawili, na hakuna upepo unaosukuma mabawa yake. Hakuna kilichouzidi nguvu uzi wako. Huo mshipi wa kusuka wa rafiki yako, kwa nia yake njema yote, utakutesa zaidi, kwa sababu mishipi mingi ya aina hiyo hutengenezwa kwa polithini, na supagluu haishiki vizuri kwenye polithini. Utabandika leo, kesho utaukuta umechomoka kwenye tundu kama sindano kwenye siagi. Isitoshe, uzi uliosukwa una vinywele, na kwenye kipimo cha 1/72 vinywele hivyo vinaonekana kama katani.

Sasa tuangalie nyaya hizi zilikuwa za nini kwenye ndege halisi, maana hapo ndipo fumbo la nyaya ambazo hukuzigusa linapofumbuka. Ndege ikiwa angani, hewa inasukuma mabawa kwenda juu. Waya unaoanzia chini ya kiwiliwili na kupanda hadi kichwa cha nguzo ya nje ndio unaolizuia bawa lisikunjike kuelekea mbinguni. Tuuite waya wa kurukia. Ndege ikitua, uzito wa bawa unalivuta chini, na hapo kazi inachukuliwa na waya unaoteremka kutoka katikati ya bawa la juu hadi mguu wa nguzo hiyo hiyo ya nje. Huo tuuite waya wa kutulia. Hizi mbili zinapishana kama herufi X, na kila moja ni adui wa mwenzake: ukikaza ya kutulia, bawa linanyanyuka kidogo na ya kurukia inalegea. Ukikaza ya kurukia, bawa linashuka na ya kutulia inalegea. Wewe ulivuta za upande mmoja, tena inaelekea ulivuta zile za kurukia, ndiyo maana bawa likainama na zile nyingine zikabaki zinaning'inia.

Mafundi wa ndege hizo waliijua vita hii vizuri. Katika jeshi la anga la Uingereza la wakati huo, kila ndege ilikuwa na fundi wa injini na fundi mwingine wa kiwiliwili, mabawa na nyaya. Huyu wa pili alizunguka na timazi na pima maji akilinganisha pembe za mabawa, akikaza robo mzunguko hapa na kulegeza robo kule. Akizidisha, mti wa ndani ya bawa ulipinda, kama plastiki yako ilivyopinda. Na kwako Mombasa hii si historia ya mbali. Kikosi namba 26 cha jeshi hilo kilishukia hapo mwanzoni mwa 1916, na BE2c zake zikaruka kutoka Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta, kwenye vita dhidi ya Wajerumani. Fikiria kuilinganisha ndege ya mti na turubai kwenye jua la Taveta.

Tofauti ni moja, nayo ndiyo msingi wa kila nitakachokwambia: waya wa modeli haupaswi kufanya kazi yoyote. Mabawa yako yashikwe na nguzo na gundi ya plastiki. Waya uwe pambo linaloonekana limekazwa. Ukishauona unabeba kitu, ujue mahali fulani umekosea.

Kwa nini ulilegea, basi? Nailoni inakunywa maji, na haihitaji kuloweshwa, unyevu wa hewani unaitosha. Inapokunywa, inavimba, inarefuka na kuwa laini zaidi. Februari, ndani ya kiyoyozi, uzi wako ulikuwa mkavu na mfupi. Mei ikaja na mvua zake, kiyoyozi kikazimwa, uzi ukanywa. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua mita moja ya mshipi huo huo, uning'inize ukutani na nati ndogo chini yake, weka alama ya penseli nati inapoishia, kisha uuviringishie kitambaa kibichi ulale nao hivyo. Asubuhi nati itakuwa imeshuka chini ya alama.

Utaniuliza, hicho kiasi kidogo kinawezaje kuleta mlegeo unaoonekana kutoka upande wa pili wa chumba? Hapa hesabu inashangaza. Chukua waya wa milimita 40, urefu wa kawaida kwenye ndege yako. Urefuke sehemu moja tu katika elfu, yaani milimita 0.04, kiasi ambacho rula yako haiwezi kukipima. Ncha zake zikiwa palepale, katikati yake utapinda kwa karibu milimita 0.8, mara ishirini ya urefu ulioongezeka. Kwenye ndege halisi hiyo ni zaidi ya sentimita 5, na fundi angeitwa ajieleze. Ndiyo maana nasema kukaza kwa mkono si dawa. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kumaliza makosa ya sehemu moja ya elfu kwenye nyaya zaidi ya hamsini, na kuziweka hivyo jua na mvua.

Kuna mbinu ya zamani ambayo huenda umeisikia: kuwasha kijiti cha udi na kukipitisha karibu na uzi wa nailoni, milimita chache bila kuugusa, uzi ukajikunja na kunyooka wenyewe. Ni kweli inafanya kazi, na kwa mtu anayeishi Nairobi au Arusha inaweza kutosha. Nimeitumia miaka mingi; mke wangu alidhani nimeokoka kwa harufu ile kila Jumamosi. Lakini nailoni inayojikunja kwa joto inavuta kweli, na kwenye bawa jembamba la 1/72 inavuta vya kutosha kulipinda. Halafu masika yakifika inakunywa maji vilevile. Kwa Pwani siipendekezi, na kwa uzi wa milimita 0.20 ndiyo kabisa usithubutu.

Hiyo 0.20 yenyewe nayo ina kesi. Zidisha kwa 72: unapata milimita 14.4. Umeifunga ndege yako kwa nyaya zenye unene wa kidole. Kebo halisi ya milimita 5 au 6 kwenye kipimo chako ni 0.07 au 0.08. Baadaye ndege za Waingereza zilitumia fimbo bapa za chuma zilizochongwa kama jani ili zikate upepo, ubunifu wa kiwanda cha Farnborough kilichoibuni BE2c yenyewe. Hizo ni pana kidogo zikitazamwa ubavuni na nyembamba sana zikitazamwa mbele. Kwa 1/72 usijisumbue na ubapa. Tafuta kitu cha chini ya milimita 0.1 na macho yatakubali.

Una njia tatu za maana, na kila moja ina lawama zake.

Ya kwanza ni uzi wa mpira, ule wa likra. Unauzwa mahsusi kwa modeli kwa majina kama EZ Line, Uschi van der Rosten na Infini Model, na kwa kawaida itabidi uagize nje. Uzuri wake ni kwamba unanyumbuka. Uzi wa milimita 36 ukiuvuta ufike 40, hata bawa likisogea kidogo au hali ya hewa ikibadilika, bado una mvuto wa akiba, na mvuto wenyewe ni mdogo mno kulipinda bawa. Ukiugusa kwa bahati mbaya unarudi mahali pake. Ubaya: unavuta vumbi, ukiupaka rangi nzito unapasuka ukivutwa, na ukisogeza kijiti cha udi karibu unakatika papo hapo. Na usiuvute kupita kiasi. Wengine huuvuta hadi mara mbili ya urefu wake wakidhani wanazidisha unyoofu, kisha wanashangaa gundi inaachia usiku.

Ya pili ni waya wa shaba, na hii huhitaji kuagiza kokote. Nenda kwa fundi wa kusuka mota au transfoma, muombe mabaki ya waya mwembamba kuliko wote alionao. Waya wa shaba wa milimita 0.1 au chini yake hutumika kwenye transfoma ndogo, na mita kumi atakupa kwa bei ya chai. Shika ncha zote mbili kwa koleo, vuta taratibu mpaka uhisi umekubali kidogo. Hapo unanyooka kama mstari wa kalamu. Shaba hainywi maji, hailegei masika, na unaukata kwa urefu kamili na kuubandika bila kuvuta chochote. Ubaya wake ni kwamba ukiugusa kwa kidole umepinda, na haunyooki tena ukiwa pale. Ni kutoa na kukata mwingine.

Ya tatu ni ya wazee: kipande cha ile fremu inayobeba vipande vya modeli, kinapashwa juu ya mshumaa mpaka kilainike, kisha kinavutwa kiwe uzi. Haina gharama, na ukipata mkono unatoa nyuzi nyembamba ajabu. Lakini unene haulingani kutoka uzi hadi uzi, na ukivunjika umevunjika. Mimi naitumia kwa nyaya fupi za mkiani tu.

Kwa ndege yako, ambayo mabawa yameshaunganishwa na kupakwa rangi, ningechanganya: shaba kwa nyaya zote fupi, zile za kati ya nguzo na zile za juu ya kiwiliwili, na uzi wa mpira kwa zile ndefu za kurukia na kutulia. Njia ya kutoboa bawa la juu hadi upande wa pili, kupitisha uzi, kuuvuta kwa kibanio cha nguo na kusaga shina lake, ni nzuri sana, ila ni kwa modeli ambayo haijapakwa rangi. Iache kwa ndege ijayo.

Kabla ya chochote, kata nyaya za zamani kwa wembe mpya karibu na plastiki, usizing'oe. Kisha iache ndege ipumzike wiki moja. Plastiki iliyoshikiliwa imepinda kwenye joto inazoea polepole, lakini miezi michache mara nyingi haitoshi kuifanya isahau umbo lake. Bawa likirudi lenyewe, vizuri. Likibaki limeinama kidogo, tazama viungo vya nguzo. Mara nyingi kimoja kimeachia, na hicho ndicho cha kutibu, kwa gundi ya plastiki, ndege ikiwa imeegemezwa sawasawa usiku kucha. Usijaribu kulivuta kwa nyaya mpya. Huko ndiko tulikotoka.

Sasa tufunge waya mmoja pamoja, ule mfupi wa shaba kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma. Chukua bikari, fungua ncha zake zigusane na pembe mbili ambazo waya utaziunganisha. Hamisha kipimo hicho kwenye waya uliokwisha nyooshwa, juu ya kioo, ukate kwa wembe ukiusukuma moja kwa moja chini. Kata mrefu kuliko kipimo kwa unywele mmoja. Ushike katikati kwa kibano, chovya ncha moja halafu nyingine kwenye gundi nyeupe ya mbao, kiasi cha kulowa tu, usione tone. Ingiza ncha ya chini pembeni kwanza, kisha ilaze ya juu mahali pake. Ukiwa mrefu utauona unajipinda upinde mdogo. Toa, punguza, rudisha. Gundi nyeupe inakupa dakika kadhaa za kusahihisha, inakauka bila rangi, na kwa kuwa waya haubebi kitu, nguvu yake inatosha. Unaofuata ni ule unaopishana nao. Baada ya kumi hivi mkono unaanza kufahamu wenyewe.

Anza ndani uende nje: juu ya kiwiliwili, chumba cha kwanza cha mabawa (nafasi kati ya kiwiliwili na nguzo za ndani), kisha cha pili (kati ya nguzo za ndani na za nje), mkia mwisho. Ukianza nje utajifungia mlango. Na kila ukifunga mmoja kulia, funga mwenzake kushoto kabla hujaendelea. Zile ndefu za mpira bandika ncha ya juu kwa supagluu kidogo sana, uache ikauke kabisa, ndipo uivute kuelekea chini.

Ule ukungu mweupe si uchafu wala gundi mbovu. Supagluu inagandishwa na unyevu. Ile isiyowahi kuganda inapaa kama mvuke, inakutana na unyevu wa hewa, inaganda ikiwa angani na kuanguka kama vumbi kwenye chochote kilicho jirani. Mombasa ina unyevu wa kutosha kuifanya ifuke hivyo mwaka mzima. Dawa ni gundi kidogo. Weka tone moja kwenye kifuniko cha soda, chovya ncha ya sindano, gusa. Fungua dirisha hewa ipite taratibu, na usiifunike modeli kwenye boksi mpaka kesho. Uliopo sasa ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha vanishi nyepesi isiyong'aa itameza unaobaki. Usiguse kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Inayeyusha plastiki, na nguzo zako zitabaki uji.

Rangi ya nyaya: wengi wanapaka fedha inayong'aa na ndege inatoka kama imefungwa karatasi za sigara. Paka kijivu cha chuma kilichofifia. Kwenye shaba, paka kijivu kabla ya kukata, kisha pitisha risasi ya penseli laini kati ya vidole.

Kuhusu idadi, kuna utani wa siku nyingi: ukitaka kujua kama nyaya zote zipo, mfungie ndege mwenye manyoya katikati ya mabawa, na akitoka kuna waya umeusahau. Kiswahili kinaufanya utani huo uwe mtamu zaidi, ndege kumfunga ndege. Kwa hakika, nyaya za kurukia za BE2c zilikuwa mbili mbili, zikikimbia sambamba. Kwa 1/72 mimi nafunga moja nisipokuwa na picha ya karibu ya kuonyesha, na sijawahi kulaumiwa na mtu ambaye si mimi mwenyewe. Lakini kebo za usukani zinazotoka kiwiliwilini kwenda mkiani usiziache. Jicho linazitafuta.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Supagluu ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi ya vuguvugu, usiyafungue makope kwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikigandisha vidole, maji ya moto yanayovumilika na sabuni vitaviachanisha taratibu. Wala usiifute gundi nyingi kwa pamba au nguo ya pamba, kwa maana vikikutana vinapata joto linaloweza kukuunguza. Ukitaka matundu ya milimita 0.3 na huna keekee ya mkono, kaa nusu saa na fundi saa au sonara. Wana vifaa, na utajifunza namna ya kushika kibano kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Na umetaja miaka yako, 52, kama jambo la kupita. Mimi nalichukulia kwa uzito. Kama unasogeza modeli mbali na uso ili uone ncha ya uzi, au unaumwa kichwa baada ya saa moja ya kazi, nenda ukapime macho kabla hujanunua uzi wowote. Mimi nilibadilisha gundi mara tatu na taa mara mbili kabla ya binti yangu kuniambia ninachohitaji ni miwani ya kusomea.